Majibizano ya Ukurasa wa Nne

Gazeti la mji wa bibi yangu lilikuwa na kurasa nne, na lilitoka kila Jumamosi asubuhi. Basi, mie nilikuwa najua hayo tu. Mji wenyewe uko kusini, pwani, mdogo kiasi kwamba enzi za Mwingereza meli ikipiga honi bandarini hata mtu wa nyumba ya mwisho alisikia. Sikuzaliwa huko. Nimezaliwa Temeke, nikalelewa na bibi mzaa mama katika nyumba ileile anayoishi mpaka leo na mjomba wangu. Kusini nilikujua kwa masimulizi, kwa korosho za kutumiwa na kwa wageni wanaokuja misibani.

Watu wa mji ule walioko Dar wana chama chao. Wanazikana, wanaozana, na mara kwa mara wanakutana Temeke kunywa chai na kubishana. Katika mkutano mmoja wakubwa walilalamika kwamba watoto wao hawajui kama mji ulikuwa na gazeti lake, tena kabla ya uhuru. Wakasema atafutwe mtu aandike kijitabu. Macho yakanigeukia mie. Kazi yangu ni kuhariri vitabu vya shule, naifanyia nyumbani kwangu Boko, na kwa wale wazee mtu anayeshinda na vitabu hawezi kushindwa na kijitabu. Nikakubali. Nilidhani nitawahoji watu wachache, niandike kurasa kadhaa, yaishe.

Haikuwa hivyo. Kila mzee niliyemuuliza alilikumbuka gazeti, lakini alikumbuka harufu ya wino, au jinsi lilivyofaa kufungia karanga. Hakuna aliyekuwa na nakala. Mwishowe mama mmoja wa chamani akaniambia, "Nenda Kipawa. Kuna mtu wa bara anaishi kule, marehemu baba yake ndiye aliyekuwa anapanga herufi za gazeti lile. Kama yapo, yapo kwake."

Nikaenda. Nyumba ya yule mzee wa Kipawa iko chini kabisa ya njia ya ndege. Ndege ikipita mnanyamaza wote, mnaangalia juu, halafu mnaendelea pale mlipoishia kana kwamba hapakuwa na kitu. Mwenyewe ni karani mstaafu, mwembamba, shati limenyooshwa mpaka linang'aa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaniletea soda, na kabla hata sijaeleza vizuri shida yangu akawa ameshaingia chumbani. Alirudi amekumbatia majalada mawili makubwa, yamefungwa kwa shuka la kitanda.

"Baba hakuacha shamba wala nyumba," alisema. "Aliacha haya. Alituambia yasitupwe. Sisi hatukuwahi kuuliza kwa nini."

Akanisimulia gazeti lilivyokuwa likifanywa, kama alivyosimuliwa na baba yake. Mashine ilikuwa ya Mhindi mmoja aliyekuwa akichapa stakabadhi na vibandiko vya maduka. Mzungu mwenye shamba la mkonge akamshauri waanzishe gazeti, ili yeye na wenzake wasome bei za mkonge na matokeo ya tenisi yao. Kwa kuwa hawakuwa na fundi, wakamwagiza kijana kutoka bara aliyejifunza uchapaji misheni. Huyo ndiye baba wa mzee wa Kipawa. Kila herufi ilikuwa kipande kidogo cha madini ya risasi. Aliziokota moja moja kutoka kwenye visanduku, akazipanga kinyumenyume, kama maandishi yanavyoonekana kwenye kioo. Gazeti likishachapwa, ukurasa mzima ulivunjwa na herufi zikarudishwa visandukuni zingoje wiki nyingine.

Maisha ya mji mzima, wiki baada ya wiki, yamepita kwenye ncha za vidole vya mtu mmoja.

Tukafungua majalada. Karatasi ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa na kingo zake zilimeguka ukizigusa. Kurasa tatu zilikuwa za Kiingereza: mkonge, klabu, hotuba za wakubwa. Ukurasa wa nne ulikuwa wa Kiswahili, na hapo ndipo nilipoinama nisiinuke tena. Mtu fulani amepotelewa na punda mwenye sikio lililokatwa. Simba ameonekana njia ya kwenda mashambani, watu waache kutembea peke yao. Meli imeleta abiria hawa na hawa, na mmoja amekuja kuoa. Mvua imebomoa ukuta wa shule, wazazi waje na majembe. Watu wale wote wameshakufa, nao walikuwa wananiambia habari zao kana kwamba nimetoka tu hapo sokoni nikawapita. Mzee wa Kipawa alikuwa akiniangalia.

"Nami nilikuwaga hivyohivyo," alisema, "siku ya kwanza kuyafungua."

Chini ya habari palikuwa na mashairi. Siku zile magazeti ya Kiswahili hayakukosa mashairi ya wasomaji, nililijua hilo kwa kusoma. Ila sikuwahi kuona majibizano marefu kama yale. Watunzi walikuwa wawili, na hakuna aliyetumia jina lake. Mmoja alijiita Mkaa Kwao. Yeye aliwalaumu vijana wanaouacha mji na kukimbilia Dar es Salaam. Aliwaita watoro, aliwaambia wanakwenda kulala kwenye vibanda vya makuti wakati mji wao una nyumba za mawe. Wa pili alijiita Msafiri, akamjibu Jumamosi iliyofuata. Mkaa Kwao akarudi. Msafiri akamrudia. Yakaenda hivyo miezi na miezi, mpaka ikawa wazi kwamba mhariri alikuwa akipunguza habari nyingine ili kuyapa nafasi. Ubeti mmoja wa Msafiri niliusoma kwa sauti palepale mezani:

Bahari haina lango, wala haina kitasa,
Aendaye ana lengo, kwenda kwake si makosa,
Acheni wenu uongo, na maneno ya kutesa,
Kuondoka si kutupa, kwetu hakwishi moyoni.

Nikamuuliza mzee kama baba yake aliwahi kuwataja watunzi hao. Akatikisa kichwa. Nikapiga picha kurasa zote kwa simu, mpaka mkono ukachoka, nikaaga.

Siku chache baadaye nilikwenda Temeke kumwonesha Bibi. Sikwenda kwa sababu nilishuku chochote. Nilikwenda kwa kuwa yeye ni wa mji ule, na macho yake hayawezi tena kusoma, nikaona nimburudishe. Nilimkuta amekaa mkekani uani, anachambua mchele kwa vidole, huku jirani amefungulia singeli ya kupasua masikio.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekuja na Boko yote au umetuachia kidogo?"

Hivyo ndivyo anavyoniita tangu utotoni, mke mwenzangu, kwa utani wa bibi na mjukuu. Nikamwambia nimepata gazeti la kwao. Mikono ikasimama juu ya ungo. Nikamsomea habari ya punda, akacheka, akasema punda yule alikuwa mwizi wa mihogo na aliyempoteza alimpoteza makusudi. Nikamsomea ya simba. Kisha nikasema, "Na kuna watu wawili hapa walikuwa wanatupiana mashairi. Huyu anasema: Bahari haina lango, wala haina kitasa..."

"Aendaye ana lengo, kwenda kwake si makosa," akasema Bibi.

Nilinyanyua macho. Hakuwa ananiangalia. Alikuwa ameelekeza uso ukutani, na akaumaliza ubeti wote, kisha ubeti uliofuata ambao sikuwa nimeusoma, kisha wa tatu, kwa sauti nyembamba ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nilikuwa nafuata kwenye simu kwa kidole. Hakukosea neno.

"Bibi, uliyahifadhi haya?"

"Mtu anahifadhi ya wenzake," alisema. "Haya niliyatunga mie."

Nimelelewa na mwanamke huyu. Nimekula mkononi mwake, nimelala kitandani kwake, nimemsikia miaka yote akiisuta redio kwamba kina kimeanguka, nikadhani ni ukali wa uzee. Mjomba wangu alikuwa mlangoni na kikombe cha chai. Kikombe kilibaki hewani.

"Na huyo Mkaa Kwao ulikuwa unamjua?" nikamuuliza hatimaye.

"Nisimjue vipi? Baba yangu yule."

Akatusimulia. Baba yake alikuwa fundi wa kushona kanzu, cherehani yake iko barazani, na kila asubuhi wanaume walikaa pale kunywa kahawa na kuzungumza. Alitunga mashairi huku miguu inakanyaga cherehani na midomo inahesabu mizani. Bibi, wakati huo msichana ambaye hajaolewa, alikuwa ndani ya mlango anasikia. Masikio yake yaliujua ushairi kabla hajajua kuandika jina lake. Alikuwa amesoma madarasa machache tu, yakamtosha.

"Sasa akaanza kuwatukana watu wanaoondoka," Bibi alisema. "Mie sijafika hata mji wa pili. Lakini kila meli ikipiga honi moyo unanitoka. Nikasema, huyu mzee lazima ajibiwe. Na kumjibu usoni siwezi. Nani amjibu babake?"

Njia ilipatikana kwa jirani. Yule kijana wa bara aliyepanga herufi alikuwa na mke, mgeni asiye na ndugu pale mjini, na alikuwa akija uani kwao kujifunza kusuka mikeka. Siku moja Bibi alimpa karatasi aipeleke kwa mumewe. Mwanamke yule aliipenyeza katikati ya ukili uliokunjwa, ule mkanda wa majani unaoshonwa kuwa mkeka, akaondoka nayo kichwani mchana kweupe, amewapita wanaume wote barazani na kuwaamkia. Jumamosi shairi likatoka.

"Baba alilisoma kwa sauti mbele ya wenzake. Akakasirika huyo! Kijana gani huyu asiye na adabu, anatoka nyumba gani? Mie nimeleta kahawa, nimesimama na birika. Nikasikia wale wazee wanasema, asiwe na adabu sawa, ila ametunga."

Basi ikawa hivyo kila wiki. Baba anatunga barazani, binti anasikia mapema kuliko mhariri, anajibu jikoni kwa penseli ya mkaa. Mji mzima ukagawanyika. Watu walisubiri Jumamosi. Asiyejua kusoma alimtafuta anayejua. Palikuwa na wanaume waliovimba kichwa wakiacha wenzao waamini kwamba wao ndio Msafiri.

Siku moja, wakiwa wanakula, baba yake alicheka peke yake akasema, "Huyo Msafiri hajawahi kupanda meli. Aliyepanda angejua kwamba bahari ina lango, na lango lake ni kichefuchefu." Aliyasema hayo nyumbani tu, hakuyaandika popote. Bibi naye kwa hamaki ya ujana hakufikiri. Wiki ileile alitunga kwamba kama lango ni kichefuchefu, basi mwenye tumbo gumu apishwe apite. Likachapwa.

"Jumamosi ile hakusoma kwa sauti," Bibi alisema. "Alilikunja gazeti akaliweka kwapani. Mie niko uani nakuna nazi. Nikaona kivuli kimesimama. Nikainua macho, ni yeye. Ananiangalia. Nikajua nimekwisha."

"Akasema nini?" Mjomba aliuliza. Alikuwa ameshakaa chini, mtu mzima mwenye wajukuu, kama mtoto anayesimuliwa hadithi.

"Akasema: Mstari wa pili, ubeti wa mwisho, umezidi mizani moja. Akarudi kwenye cherehani yake."

Hakuongeza neno, siku hiyo wala baadaye. Lakini tangu hapo Bibi alianza kukuta karatasi safi na penseli nzima kwenye rafu ya chumvi, mahali ambapo hakuna mwanaume wa nyumba ile aliyewahi kupeleka mkono. Majibizano yakaendelea. Barazani baba aliendelea kumtukana Msafiri, na akishamaliza kumtukana aliwaeleza wenzake, beti kwa beti, jinsi kijana huyo anavyojua kupanga vina. Ndani ya mlango binti yake anasikiliza.

Gazeti halikudumu. Bei ya mkonge ilishuka, Mzungu akauza shamba akaondoka, na Mhindi peke yake hakuweza kulibeba. Mashine ikashushwa bandarini vipande vipande na kupakiwa melini. Wengine wanasema ililetwa Dar, lakini sijampata mtu wa kunithibitishia. Wakati huohuo Bibi alikuwa ameposwa na kijana wa mji ule aliyekuwa akifanya kazi bandari ya Dar es Salaam. Akaja kuishi Temeke, kwenye kibanda cha makuti, kama alivyoonya Mkaa Kwao. Bibi alicheka sana aliposema hivyo, mpaka akafuta macho kwa ncha ya khanga.

"Alikubali uondoke?" nikauliza.

"Sanduku langu alilibeba yeye mpaka gatini. Hakuwa mtu wa kusema ya moyoni. Ila alishaniaga. Angalia gazeti la mwisho."

Niliitafuta ile picha kwenye simu. Nikaikuta. Toleo la mwisho, ukurasa wa nne, pembeni chini, Mkaa Kwao. Miezi yote ile alikuwa akifunga kila ubeti kwa kibwagizo kilekile cha kuwasuta watoro. Safari hii alikuwa amekiacha. Alimwombea Msafiri upepo mwema, ubeti baada ya ubeti, na kila ubeti aliufunga kwa maneno ya binti yake: Kuondoka si kutupa, kwetu hakwishi moyoni.

Nilimsomea. Bibi alisikiliza amefumba macho, midomo inacheza. Mjomba alitoka nje, nikamsikia anamwambia jirani apunguze muziki, na muziki ukapungua. Nimesoma vitabu vingi maishani mwangu, vingine nimelipwa kuvisoma. Sijawahi kuhisi kama nilivyohisi kwenye mkeka ule, kwamba nimekaa miguuni pa kitu kikubwa kilichokuwa nyumbani kwetu siku zote, kinapika, kinafua, kinaturudi tukikosea.

Nilimpigia simu mzee wa Kipawa. Nilimweleza kwa kifupi. Kisha akauliza kama anaweza kuja.

Alikuja Jumapili baada ya ibada, kavaa suti, majalada yote mawili mkononi kwenye shuka lake. Aliinama kumwamkia Bibi, "Shikamoo mama," na Bibi akaushika mkono wake asiuachie.

"Marahaba baba. Wewe ni wa ngapi kwenu?"

"Ni wa kwanza, mama. Ni mie peke yangu kwa mama yule. Wadogo zangu ni wa mama mwingine."

"Basi ni wewe," Bibi alisema. "Ulikuwa unabebwa mgongoni. Akija na ukili kichwani, wewe uko mgongoni, unamvuta skafu. Mashairi yangu mmeyapeleka wawili."

Mzee wa Kipawa alikaa. Alitueleza kwamba mama yake alifariki kabla yeye hajapata akili ya kukumbuka. Baba yake alirudi bara naye, akaoa tena, na hakuwa akimzungumza marehemu, labda kwa uchungu, labda kwa heshima ya mke aliyefuata. Hapakuwa na picha. Maisha yake yote hajawahi kukutana na mtu aliyemwona mama yake akiwa hai.

Bibi akamsogeza karibu. Akamwambia mama yake alikuwa mfupi, mweusi wa kung'aa, na Kiswahili chake mwanzoni kilikuwa cha kuwachekesha wanawake wote wa uani, naye akicheka pamoja nao. Alisuka vibaya, mikeka yake ilipinda, lakini hakuacha kuja. Alikuwa hana woga. Wanaume wakimuuliza barazani amebeba nini, alikuwa anashusha ule ukili na kuwaonesha, karatasi iko ndani, huku anawaangalia usoni.

"Mie nilikuwa nakufa kwa hofu," Bibi alisema. "Yeye akirudi uani anacheka mpaka anaketi chini."

Majalada yalikuwa mezani, hakuna aliyeyagusa. Mzee alivua miwani, akaishika mapajani.

"Alikuwa anacheka vipi, mama?" aliuliza.

Bibi alifikiri. Alijiweka vizuri kitini, akavuta pumzi, akajaribu mara moja, haikuwa yenyewe, akatikisa kichwa. Akajaribu tena. Kilichotoka kilikuwa kicheko cha mwanamke kijana, cha juu, chenye kukatikakatika, sicho cha Bibi hata kidogo. Mzee wa Kipawa aliinama mbele kukisikiliza.